Ukikwama Kifaransa, Lugha Gani Itakushika? Moroni, Bujumbura, Paris na Montréal kwa Mtu wa Mombasa

Mtu wa Mombasa amezoea kuishi na ndimi nyingi. Asubuhi ananunua mahamri kwa Kiswahili, mchana anajaza fomu kwa Kiingereza, jioni anasikia Kigiriama, Kihindi na Kiarabu katika kibaraza kimoja. Ndiyo maana wengi wetu hatuna mazoea ya kukwama. Sasa mtu amepata likizo, au binamu aliyehamia ng'ambo amemwita, na mji wenyewe ni wa Kifaransa. Anaanza kujiuliza ataagizaje chakula, ataelezaje maumivu kwenye duka la dawa, atarudije hotelini akipotea.

Nimewatembeza wageni Mji wa Kale kwa miaka mingi, kutoka Fort Jesus kupitia Ndia Kuu hadi bandari ya majahazi, na wageni wa Kifaransa wamekuwa miongoni mwao. Kwao nimejifunza kinyume cha safari hii. Mgeni anayeingia dukani na kusema "hujambo", hata akiivunjavunja, mwenye duka humwinukia. Mgeni anayeingia akiuliza bei hupewa bei, basi. Mswahili hapendi kuvamiwa kabla ya salamu, na Mfaransa naye hapendi. Ukilielewa hilo tayari una nusu ya Kifaransa unachokihitaji.

Ninalinganisha miji minne: Moroni huko Komoro, Bujumbura huko Burundi, Paris huko Ufaransa na Montréal huko Kanada. Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni lugha. Hapo sipimi unajua Kifaransa kiasi gani. Napima kikikushinda, ni lugha ipi nyingine mjini humo itakayokushika usianguke. Baada ya hapo nitapima njia na karatasi za safari, pesa, chakula na ibada, halafu mwendo ndani ya mji.

Lugha

Moroni ndio mji unaowashangaza watu wetu kuliko yote. Kifaransa ni cha ofisi, shule na mabango, na Kiarabu nacho ni rasmi, lakini uchochoroni utasikia Shingazidja, yaani Kingazija. Wanaisimu wameiweka lugha hiyo katika kundi moja na Kiswahili, Kimijikenda na Kipokomo, wakaliita kundi hilo Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini kaskazini mwa Mombasa, karibu na Malindi. Kwa hiyo sikio lako litashika vipande vipande, na Mgiriama huenda akashika vingine ambavyo wewe hukuvipata. Mkate wao ni *mkatre*. Wazee wengi, na wafanyabiashara waliozoea kwenda Zanzibar na Dar es Salaam, watakujibu kwa Kiswahili kabisa. Hapa Mombasa kwenyewe tuna majirani Wangazija ambao babu zao walikuja kwa majahazi.

Lakini undugu huo una mitego yake. Mngazija akikwambia *marahaba* anakushukuru, hakuitikii shikamoo. Ukimwamkia mzee kwa *kwezi* atakuitikia *mbona*, na usidhani anakuuliza sababu. Kijana wa mjini aliyesoma kwa Kifaransa huenda Kiswahili chako asikipate hata kidogo, na Kiingereza ni haba nje ya hoteli chache. Basi Moroni kuna mkono wa kukushika, ila ni mkono wa wazee na wa sokoni zaidi kuliko wa ofisini.

Bujumbura, kwa Kiswahili, ndiyo rahisi kuliko zote. Kirundi ndicho cha nyumbani, Kifaransa kimekuwa cha serikali na shule tangu enzi za Wabelgiji, na Kiingereza kilifanywa rasmi mwaka 2014, ingawa bado hakijazoeleka barabarani. Lugha ya biashara ni Kiswahili. Mtaa wa Buyenzi ni wa Waswahili tangu zamani: utaingia, utasalimia, utakaa. Kiswahili chao kina ladha ya Kongo na ziwa, na baadhi ya maneno yatakuchekesha nao yako yatawachekesha, lakini mtaelewana. Jifunze *amahoro* kwa salamu na *urakoze* kwa shukrani, uone nyuso zinavyofunguka.

Paris Kiswahili chako hakitakusaidia. Kipo chuo kinachokifundisha, INALCO, lakini hutakutana na wanafunzi wake kituoni. Kitakachokushika ni Kiingereza, tena kina sharti. Hotelini, kwenye majumba ya makumbusho na kwa vijana wengi Kiingereza kipo. Sharti ni kwamba kisiwe neno lako la kwanza. Ukiingia dukani, hata kama unataka chupa ya maji tu, sema *bonjour madame* au *bonjour monsieur*, jioni *bonsoir*. Ukitoka, *merci, au revoir*. Ndipo uulize, *parlez-vous anglais?*, yaani unazungumza Kiingereza? Watu wengi wanaorudi wakisema Waparisi wana kiburi waliingia wakiuliza bei, na upande wa pili wa kaunta kila mmoja wao alionekana mtu asiye na adabu. Sisi wa pwani, tuliofundishwa kwamba salamu ni deni, hatuna udhuru wa kulikosa hili.

Montréal ni kinyume. Jimbo la Québec lugha yake rasmi ni Kifaransa peke yake, na sheria maarufu ya 1977 ndiyo iliyokiimarisha, hadi alama ya barabarani ya kusimama imeandikwa *ARRÊT*. Hata hivyo katikati ya mji karibu kila mhudumu anajua Kiingereza. Salamu yao ya dukani ni *Bonjour-Hi*, kwa pumzi moja, wewe uchague. Wabunge wa jimbo walipitisha hoja mwaka 2017 wakiwaomba wenye maduka waseme *bonjour* tu, ujue jinsi jambo lilivyo zito kwao. Ukijibu kwa Kifaransa kidogo kisha ukahamia Kiingereza, hakuna atakayekasirika. Kama umejifunza Kifaransa cha Paris kumbuka jambo moja: Québec *déjeuner* ni kifungua kinywa na *dîner* ni chakula cha mchana. Paris ni cha mchana na cha usiku. Ukialikwa, uliza saa.

Na saa zenyewe, kote huko zinaandikwa kwa mfumo wa ishirini na nne. *14h* ni saa nane yetu ya mchana, *19h* ni saa moja usiku. Nambari nazo zina vikwazo. Sabini ya Paris ni "sitini na kumi", na tisini ni "ishirini mara nne na kumi". Bujumbura, kwa urithi wa Wabelgiji, utasikia *septante* na *nonante*, ambazo ni nyepesi kwa mgeni. Mahali popote mtakapofikia bei, toa simu, fungua kikokotoo, muombe muuzaji aandike. Si aibu. Wageni wangu hufanya hivyo kila siku sokoni Marikiti.

Njia na karatasi

Bujumbura inashinda hapa bila ubishi. Burundi iko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Mkenya hahitaji viza. Unahitaji pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa ndege unapitia Nairobi. Kwa barabara usijipange kupitia Rwanda kabla ya kuuliza, kwa sababu Burundi ilifunga mpaka huo Januari 2024.

Moroni viza imekuwa ikitolewa uwanjani ukifika, kwa malipo, na ni vyema kuwa na yuro taslimu mkononi. Thibitisha na shirika la ndege kabla ya kukata tikiti, maana safari za kule ni chache kwa wiki na moja ikiahirishwa utakaa siku kadhaa. Uwanja uko Hahaya, kaskazini mwa mji. Ukiitazama ramani, Moroni iko karibu nasi kuliko wengi wanavyodhani, lakini kwa ndege utazunguka.

Paris ndiko kazi ilipo. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ilipanda hadi yuro 90 kwa mtu mzima katikati ya 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Unatakiwa uonyeshe bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, mahali pa kulala, tikiti ya kurudi, taarifa za benki, na sababu ya kukurudisha nyumbani: kazi, biashara, familia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasizidi kuchelewa siku 15 kabla. Usisubiri siku hizo 15. Faida yake ni kwamba alama za vidole huhifadhiwa miezi 59, kwa hiyo mara ya pili huenda usiombwe tena, na viza hiyo hiyo inakuruhusu kupita Brussels au nchi nyingine za Schengen ndani ya siku ulizopewa. Kutoka Nairobi kuna ndege ya moja kwa moja. Asiyetaka kupanda SGR hadi Nairobi anaweza kutoka uwanja wa Moi akapitia Addis Ababa.

Kanada nayo inataka viza: dola 100 za Kanada, na 85 za alama za vidole na picha. Usaili wa karatasi ni mkali na majibu huchukua muda. Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna, utabadilisha Ulaya au Ghuba. Kwa safari ya wiki moja, sioni kama uchovu huo unalipa.

Pesa

Kwenye miji hii minne hutalipa kwa M-Pesa yako kama ulivyozoea kwa muuza madafu. Jipange.

Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro, moja ya yuro ni kama faranga 492, kwa hiyo hesabu haibadilikibadiliki. Lakini Moroni ni mji wa taslimu: beba yuro za kukutosha, usitegemee kadi. Bujumbura ni hivyo hivyo ila kwa dola safi, na bei ya kubadilisha benki imekuwa ikitofautiana sana na ya mtaani. Usikubali kubadilisha na mtu asiyejulikana kando ya barabara. Miji hii miwili, ukishafika, maisha ya kawaida si ghali, isipokuwa vitu vinavyoagizwa kwa meli Komoro, ambavyo hupanda.

Paris na Montréal kadi inatosha karibu kila mahali, na zote mbili ni ghali kwa shilingi yetu. Ila zinaandika bei kwa namna mbili tofauti, na hapa watu huumia. Paris bei iliyo kwenye orodha ya chakula ndiyo utakayolipa, kodi na huduma zimo. Ukiacha sarafu mbili ni hisani. Montréal bei iliyoandikwa haina kodi. Ukifika kwa mtunza fedha huongezwa asilimia 5 ya taifa na asilimia 9.975 ya jimbo, na mhudumu wa hoteli ya chakula anatarajia angalau asilimia 15 ya bahashishi. Chakula cha dola 40 kinakaribia dola 52. Mpangie hivyo tangu Mombasa.

Chakula na ibada

Moroni mtu wetu anakula kama yuko kwa shangazi. Pilao ipo, samaki wa nazi yupo, kisamvu cha nazi wanakiita *mataba*, na mkate wa sinia wao ni *mkatra siniya*. Nchi karibu yote ni ya Waislamu, kwa hiyo swali la halali halipo. Ukipita mtaa wa kale wa Badjanani hadi msikiti wa zamani wa Ijumaa, na matao yake meupe yanayotazama bandari, utajihisi umekata kona moja tu kutoka Mji wa Kale.

Bujumbura sifa yake ni ziwa Tanganyika: samaki mukeke wa kuchoma, ndagala (ndio dagaa hao hao), na mishikaki ambayo wao huiita *brochettes*. Wakristo ndio wengi, kwa hiyo uliza nyama imechinjwa na nani, au kula Buyenzi.

Paris usiogope njaa. Kuna bucha za halali na mikahawa ya Kiarabu na ya Kiafrika mitaa mingi, na upande wa Château Rouge utaona mihogo na ndizi za kupika. Yajue maneno manne tu: *porc*, *jambon*, *lardons*, *saucisson*. Yote manne ni nguruwe kwa namna moja au nyingine, na *lardons* hujificha hata kwenye saladi. Omba *une carafe d'eau* upewe maji ya bure. Jikoni hufungwa kati ya mchana na usiku, kwa hiyo anayetaka wali saa kumi jioni atapata kahawa. Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa 1926, una mkahawa wa chai ya nana ambako mgeni hupumzika vizuri.

Montréal ni sawa na Paris kwa halali, maana wahamiaji kutoka Maghrebi na Lebanoni ni wengi. *Poutine*, viazi vya kukaanga na jibini na mchuzi, ndicho chakula chao cha fahari. Uliza mchuzi ni wa nyama gani.

Sasa jambo ambalo lisiposemwa mapema litamharibia mtu safari. Ufaransa, hijabu barabarani haina tatizo kwa mtalii, lakini kufunika uso hadharani kumepigwa marufuku tangu Aprili 2011, na faini yake inafika yuro 150. Dada, mama au mke anayevaa nikabu alijue hili kabla ya kulipia viza, si akiwa uwanja wa ndege. Kanada haina katazo la namna hiyo barabarani, na sheria ya Québec ya 2019 kuhusu alama za dini inawahusu baadhi ya watumishi wa umma. Moroni na Bujumbura hakuna atakayekuuliza.

Mwendo ndani ya mji

Moroni unapunga mkono, teksi inasimama ikiwa na abiria wengine, unataja uendako. Akielekea huko unapanda. Katikati ya mji miguu inatosha. Anayetaka mlima Karthala, volkano hai ya mita 2,361, achukue mwongozaji na siku nzima au mbili.

Bujumbura teksi zipo, ila uhaba wa mafuta umekuwa ukiisumbua nchi miaka ya karibuni, kwa hiyo kubaliana bei na siku kabla, na usipange safari ndefu nje ya mji bila kuwa na hakika ya petroli.

Paris ina metro, treni za chini ya ardhi, tangu mwaka 1900, na ukishajua kusoma jina la kituo cha mwisho cha kila laini, hutapotea. Tangu Januari 2025 tikiti moja ya metro na treni ina bei moja kwa mkoa mzima, isipokuwa ya uwanja wa ndege ambayo ni ghali zaidi. Shika mkoba mbele, wezi wa mifukoni ni hodari. Louvre hufungwa Jumanne. Metro ya Montréal, ya mwaka 1966, ina laini nne tu, na basi 747 la uwanja wa ndege hutembea usiku na mchana. Adui wa Montréal ni Januari: baridi ya kumi chini ya sifuri ni kawaida, na sweta ya Mombasa si nguo huko.

Wako watakaouliza mbona sikuiweka Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska. Nimeiacha kwa sababu ya kigezo changu cha kwanza. Kimalagasi ni lugha ya ukoo wa mbali, wa visiwa vya Asia, ingawa kimechukua wanyama wetu: *omby* ni ng'ombe, *ondry* ni kondoo, *akoho* ni kuku, *amboa* ni mbwa. Inapendeza kusikia, lakini hutaulizia dawa kwa majina ya mifugo. Asiye na Kifaransa aende na mwenyeji.

Wewe ni yupi?

Kama hujawahi kutoka nje ya nchi, unajua Kiswahili na Kiingereza kidogo, na fedha si nyingi: Bujumbura. Hutahangaika na viza, na kila utakapokwama kuna mtu wa kukujibu. Fuatilia hali ya mafuta na usalama wiki ya safari.

Kama umelelewa pwani na unataka kuona undugu wetu ulivyovuka bahari, au unasafiri na wazazi ambao hawataki kuhangaika na chakula wala kibla: Moroni, kati ya Mei na Oktoba mvua zikiwa zimepungua. Mzee ataongea na wazee wenzake kuliko wewe utakavyoongea na vijana.

Kama unapenda historia, michoro na majengo, una mwezi mzima wa kukusanya karatasi, na uko tayari kusema *bonjour* mara thelathini kwa siku: Paris, mwezi wa tano au wa tisa. Anayeanza Kifaransa atafaidika huko kuliko kwingine, kwa kuwa mji wenyewe unakusukuma uendelee.

Kama una jamaa wa kukupokea Kanada, Kiingereza chako ni kizuri na Kifaransa huna hata neno: Montréal, Juni hadi Septemba, na usikae chini ya wiki mbili.

Na kama mnakwenda wawili, mmoja anajua Kifaransa na mwingine hajui, chagueni kwa yule asiyejua. Mwenye Kifaransa atalala mchana au ataumwa kichwa siku moja, na mwenzake atashuka peke yake kutafuta dawa. Moroni au Bujumbura atauliza kwa Kiswahili, Montréal kwa Kiingereza. Paris aandikiwe jina la dawa kwenye karatasi kabla hajatoka, na neno la juu kabisa kwenye karatasi hiyo liwe *bonjour*.